Kimbunga kiko Mexico, maji yako mlangoni kwangu Galveston. Hii imekaaje wakuu?

#1 Pweza Mkavu (Jumatano, 19 Juni 2024)

Wakuu habari za saa hizi. Nipo Galveston, Texas, kisiwani kabisa. Leo ni sikukuu ya Juneteenth, ambayo kwa wasiojua ilianzia hapahapa Galveston 1865, so nilitegemea kazini tungejaza watu wa mapumziko. Badala yake tangu asubuhi mvua inakuja inakata, inakuja inakata, upepo wa mashariki hauachi, na bahari imepanda hadi barabara za upande wa chini zina maji. Surfside Beach, huko chini kidogo ya hapa, maji yameingia chini ya nyumba kabisa, zile zilizojengwa juu ya nguzo.

Sasa saa nne asubuhi kituo cha vimbunga cha Miami ndo wamekipa jina, Alberto, cha kwanza msimu huu. Naangalia ramani, kiini chake kiko kule baharini mbele ya Tampico, Mexico! Zaidi ya kilomita 700 kutoka nilipo. Upepo wenyewe kilomita 65 kwa saa, yaani hata kimbunga kamili sio. Msimu umeanza 1 Juni, hata mwezi haujaisha.

Swali langu: kitu dhaifu hivi, mbali hivi, kinaniletea mvua na mafuriko mimi kivipi? Na wale wa nyumbani Tanzania mliopigwa na kimbunga Hidaya mwezi wa tano, yenu ilikuwaje?

#2 Dogo wa Sugar Land

Mkuu tulia, hicho ni kimvua tu. Sie wa huku hatuhamishi hata magari. Tunaogopa vikianza kuitwa Category 3, 4 (yale madaraja ya nguvu ya upepo, 1 hadi 5). Hivi vya Juni vinakuja kunywesha nyasi.

#3 Mama wa Katy

@Dogo wa Sugar Land wewe umekuja Houston lini mdogo wangu? Uliza watu kuhusu Allison. Juni 2001. Ilikuwa hurricane kama hizi unazozidharau, ikatuzamisha mji mzima.

#4 Mzee wa Takwimu

Dada @Mama wa Katy, Allison haikuwahi kufika kuwa hurricane, na hapo ndo utamu wa stori ulipo. Upepo wake mkubwa kabisa ulikuwa kama kilomita 95 kwa saa, hurricane inaanzia 119. Iliingia nchi kavu karibu na Freeport 5 Juni 2001, watu wakasema imeisha, ikapanda kaskazini hadi maeneo ya Lufkin, halafu ikageuza ikarudi kusini juu ya Houston. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, tarehe 8 kuingia 9, ndo ikamwaga. Bandari ya Houston ilipata karibu milimita 940 kwa siku zile tano sita. Kule kaunti ya Jefferson sehemu moja ilipita milimita 1,000. Ili mtu wa Dar anielewe, mvua ya Dar ya MWAKA MZIMA ni kama milimita 1,100.

Pale kwenye hospitali za Texas Medical Center, Houston, umeme ulizima, vyumba vya chini vikajaa, wagonjwa wakashushwa kwa ngazi mikononi, na maabara zilipoteza maelfu ya wanyama wa utafiti. Watu zaidi ya 20 walikufa Texas peke yake. Jina la Allison likastaafishwa, ikawa dhoruba ya kwanza ya Atlantiki kustaafishwa jina bila kuwahi kuwa hurricane.

#5 Dogo wa Sugar Land

Ok 2001 mi nilikuwa chekechea Tabata mkuu, tusihukumiane 😂

#6 Mtwara Kuchele

Mleta uzi pole. Hidaya kwetu ilipita 4 Mei. Ile ya kwetu ilikuwa na nguvu zaidi baharini, ila ilipokaribia ikaanza kuchoka, na mvua ndo ikatumaliza. Mtwara tulipata kwa siku moja mvua inayozidi ya kawaida ya mwezi wote wa Mei. Barabara ya Dar kuja kusini ilikatika maeneo ya Somanga Mtama, madaraja yalisombwa, magari yamepanga foleni ndefu huku na huku, watu wanapikiana ugali barabarani. Waziri wa ujenzi alihamia pale kabisa. Na upepo? Kwa mtaa wetu mabati machache tu. Kwa hiyo mkuu nakuelewa sana.

#7 Bint Mafia

@Mtwara Kuchele usiseme upepo mabati machache, hayo ni ya kwenu. Kiini kilipita juu yetu Mafia. Minazi imelala, nyumba za makuti zimefunuka, hakuna boti iliyotoka Nyamisati, tumekaa tunasikiliza bati la jirani linavyopiga kelele. Ila ukweli mvua yenyewe kwetu haikuwa ya kutisha kama huko bara kusini.

#8 Kipepeo254

Niaje wadau. Nyinyi mko na Hidaya, sisi Kilifi tukapitiwa na kimbunga Ialy wiki mbili baadaye. Hiyo ilikuwa upepo na mawimbi, mvua hata sijui kama ilitosha kujaza mtungi. Wavuvi waliambiwa wasitoke. Sasa mnieleze, mbona hiyo ilikuja na upepo bila mvua na hiyo ya Mexico iko na mvua bila upepo? Kwani hawa wanagawana?

#9 Nahodha Mstaafu

Sikilizeni niwape kanuni ya zamani ya watu wa hali ya hewa, tuliitumia sana melini enzi hizo Ghuba. Unachukua 100, unagawa kwa mwendo wa dhoruba kwa noti (kipimo cha mwendo wa meli, noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa). Jibu ni inchi za mvua utakazopata. Inatembea noti 10, inchi 10. Inatembea noti 5, inchi 20. Umeona upepo umetajwa popote hapo? Haumo. Nguvu ya upepo haihusiki, kinachohusika ni kwamba inapita haraka au inazubaa. Allison ilizubaa. Ialy ilikuwa inapita tu huko nje baharini, haikutua kwenu. Basi.

#10 Mzee wa Takwimu

Kanuni nzuri Nahodha, ila ni ya makadirio, na haimjibu mleta uzi. Yeye yuko kilomita 700 kutoka kwenye kiini, kiini kikizubaa au kikikimbia haimhusu moja kwa moja. Jibu lake liko kwenye UKUBWA. Taarifa ya Miami ya leo inasema upepo wa kiwango cha dhoruba unafika hadi kilomita 665 kutoka kiini kwa upande wa kaskazini. Hicho ni kitu kipana mno. Na sababu ni asili yake: Alberto haikuzaliwa kama vimbunga vinavyotoka upande wa Afrika vikiwa vimejikunja. Imetoka kwenye mzunguko mpana wa hewa ambao Mei na Juni hujitengeneza juu ya Amerika ya Kati, kuanzia Guatemala huko mpaka Yucatán. Ule mzunguko ni mkubwa, umelegea, umejaa unyevu pande zote mbili za bahari. Kiini kinakuja kujitengeneza baadaye, kama nyongeza tu. Kwa hiyo upepo mdogo umetandaa eneo kubwa, unasukuma maji kuja pwani ya Texas siku mbili tatu mfululizo bila kupumzika. Hata upepo wa kilomita 60 ukisukuma eneo pana muda mrefu, maji yanapanda.

#11 Pweza Mkavu

Aisee. Yaani ni sawa na kimbunga kiwe Pemba ya Msumbiji halafu maji yaingie Kigamboni.

#12 Mzee wa Takwimu

Umbali ni karibu huohuo kweli.

#13 Jasusi wa Kinondoni

Mnazunguka mbuyu. Hiyo mitambo yao ya kule Alaska, ile HAARP watu wanayosema inachezea hali ya hewa, inafanya kazi. Mei 16 upepo umevunja vioo vya maghorofa Houston, mwezi na siku chache tu, mafuriko. Hidaya nayo, Ialy nayo, wiki mbili. Jiulizeni.

#14 Fundi Bomba

@Jasusi wa Kinondoni na mitambo hiyo iliyozamisha Dubai Aprili ilikuwa ya Kinondoni au? 😂😂

#15 Sheikh wa Ruwi

Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat. Kwanza ile mvua ya Dubai ya 16 Aprili haikuwa kimbunga kabisa, ilikuwa mawingu ya radi ya kawaida ya kipindi kile, na huko Khatm Al Shakla karibu na Al Ain waliandikisha milimita 254 ndani ya saa 24. Na sisi Oman siku mbili kabla tulishazika watoto wa skuli waliochukuliwa na wadi (bonde kavu linalojaa maji ghafla mvua ikinyesha) kule Sharqiyah, Mungu awarehemu. Kwa hiyo sikilizeni, maji hayataki jina. Huku Gonu ya Juni 2007 ilikuwa kali kweli, ila waliokufa wengi ni wa wadi, si wa upepo. Majabali yetu hayanywi maji, yanateremsha tu. Mnasema mwendo, mnasema upana, mie nasema ardhi ilipoangukia.

#16 Fundi Bomba

Sheikh umemaliza. Mi nafanya kazi za mifereji na mabomba Houston, niwaambie kitu. Huu mji ni tambarare kama meza, udongo wa chini ni mfinyanzi, juu yake wamemwaga zege kila mahali, maegesho ya magari tu ni vijiji. Maji yote yanategemea bayou, hivi vijito vinavyokatiza mji. Inchi mbili kwa saa moja zinatosha kufunga barabara za chini ya madaraja, haijalishi kimetoka kwenye kimbunga au wingu la mchana. Halafu ardhi yenyewe imeshuka. Walivuta maji ya chini ya ardhi miaka na miaka kwa viwanda. Kule Baytown kulikuwa na mtaa wa matajiri unaitwa Brownwood, ulizama karibu mita tatu! Mtaa mzima wakauhama, leo ni hifadhi ya ndege. Sasa bahari ikipanda kidogo tu kama leo, unafikiri itaenda wapi.

#17 Dogo wa Sugar Land

Lakini Galveston si kuna ukuta wa bahari? Mleta uzi yuko nyuma ya ukuta analia nini.

#18 Pweza Mkavu

@Dogo wa Sugar Land ukuta uko upande wa Ghuba ya Mexico na hauzunguki kisiwa chote. Leo maji yanapandia upande wa nyuma, kwenye bay (maji yaliyo kati ya kisiwa na bara), huko hakuna ukuta. Ule ukuta walijenga baada ya kimbunga cha 1900, kilichoua watu wanaokadiriwa 8,000 au zaidi. Ukipita Seawall Boulevard utaona sanamu ya kumbukumbu.

#19 Mama wa Katy

Na kwa taarifa yenu watu wa huku wakisikia Category wanakimbia, wakisikia tropical storm wanaenda Walmart kama kawaida. Harvey 2017 ilikuwa dhaifu hivyohivyo, tulikaa ghorofani tunangoja boti.

#20 Kobe wa Rockport

Hapana dada, samahani. Mi naishi Rockport na Harvey ilitua kwetu 25 Agosti 2017 ikiwa Category 4. Haikuwa dhaifu. Kanisa letu paa liliondoka lote. Ila kwa Houston una hoja, ilipofika kwenu ilikuwa imeshashuka kuwa dhoruba ya kawaida na ndo ikakaa siku nne inamwaga. Nederland walipima milimita 1,539. Kimbunga kimoja watu wawili tunakikumbuka kwa vitu tofauti kabisa.

#21 Nahodha Mstaafu

Ilizubaa. Nimesema.

#22 Fundi Bomba

Nahodha na noti zake 😂

#23 Chumvi ya Nungwi

Nasoma tu hapa na kahawa. Ila nasikia watu wanasema Hidaya ni kimbunga cha kwanza kupiga Tanzania. Ni kweli?

#24 Mzee wa Takwimu

Si kweli @Chumvi ya Nungwi. Lindi ilipigwa 15 Aprili 1952. Jobo alikuja Aprili 2021, akachoka kabla ya kufika Dar, watu wakacheka mamlaka ya hali ya hewa mitandaoni wiki nzima. Na kwenu Unguja, Aprili 1872, enzi za Sayyid Barghash, kimbunga kilibomoa mji na kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilisalimika. Tangu hapo karafuu ikawa ya Wapemba.

#25 Chumvi ya Nungwi

Kumbe ndo maana Wapemba wanaringa na karafuu! Upepo umewagawia.

#26 Mpemba Halisi

Turinge tusiringe? Njoo msimu wa kuchuma ukaone ni nani anaringa na nani amepanda mti.

#27 Bint Mafia

Kuhusu Jobo, hapo ndo tatizo. Watu walicheka Jobo, ikaja Hidaya wengine hawakusikiliza tangazo. Kimbunga kikichoka njiani mtu anaona ametapeliwa. Sijui wangetangazaje ili watu waelewe kwamba kuchoka ni matokeo mazuri.

#28 Kipepeo254

Ni ukweli. Lakini na wao wakitangaza kila wingu, tutachoka kusikia. Wataalamu hawawezi shinda hii.

#29 Jasusi wa Kinondoni

Jobo alichoka kwa maombi.

#30 Mzee wa Takwimu

Sitakuzuia kuomba mkuu, ila kuna na upepo wa juu uliokata kichwa chake, na hewa kavu. Halafu karibu na ikweta dunia haikisukumi kimbunga vizuri kijizungushe, ndo maana Tanzania na Kenya tunavipata vichache na vingi vinafika vikiwa hoi.

#31 Mwana wa Brownsville (Alhamisi, 20 Juni)

Jamani mi nipo Brownsville mpakani kabisa, nafanya kazi na Wamexico kiwandani. Nyie mnalia mvua, wenzenu huku wanashangilia. Alberto ametua alfajiri maeneo ya Tampico, mchana huu ameshakwisha kabisa, na mvua yote imeenda kugonga milima ya Sierra Madre. Monterrey wana kiu ya miaka. Mwaka 2022 mabomba yalikauka, mji wa mamilioni ya watu wanapanga foleni za malori ya maji. Jana jamaa yangu wa kutoka huko alikuwa anafuatilia rada kama mpira, kila mkanda wa mawingu ya mvua ukielekea kule anapiga makofi. Leo anasema mabwawa ya La Boca na Cerro Prieto yameanza kupanda.

#32 Mtwara Kuchele

Daah. Kwa hiyo mvua ile ile.

#33 Mwana wa Brownsville

Ila sio shangwe tupu. Wamekufa watu wanne jimbo la Nuevo León, wengi watoto. Kuna kijana alichukuliwa na mto La Silla, na wengine umeme ulipita kwenye maji. Mto ule siku nyingi ni mchanga na mawe, watoto wanachezea mpira ndani.

#34 Sheikh wa Ruwi

Innalillahi. Wadi hiyo hiyo. Ndiyo niliyosema.

#35 Mlima Usambara

Mnaonaje nikiongeza kidogo. Miami walitabiri inchi 5 hadi 10 kwa tambarare, na hadi 20 kwenye milima ya kaskazini mashariki ya Mexico. Dhoruba ile ile, siku ile ile, mara mbili! Hewa yenye unyevu ikigonga mlima inapanda, inapoa, inamwaga. Sie wa Lushoto tunajua, ukitoka Mombo kuna jua unafika Soni umelowa. Kwa hiyo kanuni ya Nahodha ya kugawa 100 haijui mlima, na hoja ya upana ya Mzee haijui mlima. Alberto angetua sehemu tambarare habari ingekuwa nyingine.

#36 Nahodha Mstaafu

Kijana, baharini hakuna mlima. Kanuni yangu ni ya baharini na pwani.

#37 Mlima Usambara

Haya mzee wangu, shikamoo 😂 lakini mvua haikuanguka baharini tu.

#38 Daktari wa Mawingu

Hamjataja joto la maji. Ghuba ya Mexico mwaka huu ina joto kupita kawaida na msimu ndo kwanza unaanza. Kila nyuzi moja ya joto ikiongezeka hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. El Niño imetangazwa kuisha wiki iliyopita, 13 Juni, na El Niño ndo huwa inapuliza upepo wa juu unaovuruga vimbunga vya Atlantiki. Sasa imeondoka. NOAA, shirika la hali ya hewa la Marekani, walishasema Mei kwamba wanategemea dhoruba 17 hadi 25 zenye majina. Alberto ni salamu tu.

#39 Dogo wa Sugar Land

Mbona basi vumbi la Sahara hamlisemi? Juni kila mwaka anga la Houston linakuwa kama maziwa, wanasema ni vumbi la Sahara linavuka bahari na linaua vimbunga. Kwa hiyo Afrika inatulinda.

#40 Mzee wa Takwimu

Vumbi ni kweli, ile hewa kavu inayokuja nalo inabana dhoruba changa katikati ya Atlantiki. Ila Alberto hakupita huko, alizaliwa mlangoni mwa Mexico, kwa hiyo vumbi halikumgusa. Na kabla hujashukuru Afrika, jua kwamba mawimbi ya hewa yanayokuja kuwa vimbunga vikubwa vya Agosti na Septemba mengi yanaanzia maeneo ya Darfur na milima ya Ethiopia, yanasafiri magharibi kupita Sahel hadi Atlantiki.

#41 Fundi Bomba

Yaani tunatuma mbegu na vumbi la kuziua? Biashara gani hii 😂

#42 Jasusi wa Kinondoni

Ethiopia. Bwawa. Nisiseme sana.

#43 Kobe wa Rockport

Haya, Jasusi arudishwe Kinondoni. Mi kitu kimoja tu. Alberto ni jina la mwanzo wa orodha, na orodha zinarudi kila miaka sita. Alberto wa 2018 alikuja Mei kabla hata msimu haujafunguliwa, akaingia Florida, halafu akapanda hadi kwenye Maziwa Makuu ya Marekani huko akiwa bado anazunguka. Huyu jamaa hana subira.

#44 Pweza Mkavu

Wakuu ahsanteni. Maji yameshuka, mchanga uko kila kona, leo tumefagia mpaka mgongo. Sasa nimeambiwa mwendo, upana, mlima, zege, joto, vumbi na maombi. Nichukue kipi?

#45 Nahodha Mstaafu

Mwendo.

#46 Sheikh wa Ruwi

Chukua ardhi.

#47 Mama wa Katy

Chukua bima ya mafuriko kijana. Ile ya nyumba ya kawaida hailipi maji yanayoingia kutoka nje, na ukinunua leo ya mafuriko inaanza kazi baada ya siku 30. Usingoje kiwe na jina.

#48 Kipepeo254

Hiyo ndio post ya maana pekee kwa hii uzi.

#49 Mtwara Kuchele (10 Julai)

Nafufua uzi. Nimesikia kimbunga Beryl imepiga Texas Jumatatu. @Pweza Mkavu uko hai? @Mama wa Katy?

#50 Mama wa Katy

Tuko hai mwanangu, ila gizani. Beryl alitua Matagorda alfajiri ya tarehe 8, Category 1 tu, akaja moja kwa moja juu ya Houston. Wateja zaidi ya milioni mbili walikatikiwa umeme. Joto la Julai hili, watoto tumewalaza kwenye gari na AC. Mvua ilikuwepo lakini jamani huu ulikuwa UPEPO. Miti imelalia nyaya kila mtaa.

#51 Dogo wa Sugar Land

So upepo una maana au hauna? Maana mwezi uliopita nilichekwa hapa.

#52 Mzee wa Takwimu

Una maana kwa nguzo na nyaya. Na miti mingine ilikuwa imeshalegezwa na ule upepo wa 16 Mei pamoja na udongo uliolowa. Mvua na upepo vinasaidiana zaidi ya tunavyovihesabu.

#53 Nahodha Mstaafu

Beryl alikuwa anatembea kasi. Ndo maana mvua haikuwa ya Harvey. Gaweni 100 mtaona.

#54 Daktari wa Mawingu

Na kabla ya hapo alifika Category 5 kwenye Karibi, mapema kuliko kimbunga kingine chochote cha Atlantiki kilichowahi kurekodiwa. Maji ya moto. Niliwaambia.

#55 Mlima Usambara

Na hajagonga mlima wowote Houston.

#56 Pweza Mkavu

Nipo wakuu, nachaji simu kwenye gari. Hiyo mada ya nani yuko sahihi itangoje. Nimenunua jenereta ya mtumba kwa mtu, inawaka dakika chache inazima, nimebadilisha plagi na mafuta, bado. Mwenye fundi maeneo ya Galveston au Texas City aje PM.

#57 Fundi Bomba

Fungua kabureta usafishe, petroli ya zamani imeganda humo. Na usiiwashe ndani ya gereji, hata ukiwa umefungua mlango. Nitumie picha ya lebo.